Moyo Unapodunda na Ubongo Umekufa



Injili ya Dominika hii imetufikisha Bethania, penye kaburi la Lazaro. Pale hapakuwa na ubishi: siku nne zilikwisha pita, na Martha alihofia harufu. Wazee wetu nao walitazama mambo mawili, pumzi na moyo. Vikikoma, kilio kilianza.

Mashine ya kupumulia ndiyo iliyoleta fumbo jipya. Mtu aliyeumia vibaya kichwani hulazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, kifua kikipanda na kushuka, mkono ungali na joto, naye daktari awaambia ndugu kwamba huyu amekwisha kufa. Tutawalaumuje wasiposadiki?

Mwaka 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, ilipendekeza kwamba ambaye ubongo wake umekoma pasipo tumaini la kurudi ahesabiwe amekufa. Hata hivyo mataifa hayakupatana katika yote. Marekani sheria hudai ubongo mzima uwe umekoma. Uingereza madaktari huangalia shina la ubongo, mahali inapotoka amri ya kupumua. Tena jimbo la New Jersey, kwa sheria ya mwaka 1991, huheshimu mtu ambaye dini yake haikubali kipimo hicho: hatangazwi amekufa mpaka moyo na pumzi vikome.

Kupima kwenyewe si kazi ya haraka. Dawa za usingizi, sumu, au mwili kupoa mno huweza kumfanya aliye hai aonekane mfu. Hayo sharti yaondolewe kwanza, na chanzo cha ugonjwa kijulikane. Ndipo mboni humulikwa, koo huguswa kuona kama atakohoa, na mwishowe mashine husimamishwa kwa dakika kadhaa, huku akipewa oksijeni, ili ionekane kama kifua kitajiinua chenyewe hewa chafu inapozidi katika damu. Baada ya hayo yote mikono yaweza bado kuinuka ghafla hadi kifuani, kwa nguvu ya uti wa mgongo tu. Madaktari huiita ishara ya Lazaro. Jina ambalo sisi tusingelichagua, maana ndugu wakiiona hudhani amefufuka.

Papa Pius XII, akiwahutubia madaktari wa usingizi mwaka 1957, alisema kwamba kuitambua saa ya kufa ni kazi ya daktari. Mwaka 2000 Yohane Paulo II alikikubali kipimo cha ubongo, kikifuatwa kwa ukamilifu, lakini alidai pawepo hakika ya kimaadili kabla kiungo chochote hakijatolewa kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Wapo Wakatoliki wasomi ambao mashaka yao hayajaisha.

Lakini aliyezimia kwa miezi mingi huku akipumua mwenyewe, huyo yu hai kabisa. Alishwe, aogeshwe, ageuzwe kitandani.

Nanyi makatekista huitwa usiku, na mama huuliza: apakwe mafuta, au tumechelewa? Mpako wa Wagonjwa ni wa walio hai. Lakini penye shaka kama mtu amekufa, kanuni 1005 ya Sheria za Kanisa yaagiza apewe. Basi msibishane mlangoni. Mwiteni padre, kisha mwombeni daktari awaeleze ndugu alichopima na alichokiona, nao wamwulize, hata kama ni mara ya tatu.