Staji: Jinsi Mwanafunzi wa Kambini Anavyojipanga

(Muziki wa kipindi unapanda, kisha unashuka taratibu)

Salamu kwenu mlioko Kakuma, Kalobeyei na Dadaab, na pia ninyi wa Nyarugusu na Nakivale ambao hutupata kupitia kadi ya memori, rafiki akimpa rafiki.

Kipindi kilichopita tuliongea habari za kuomba ufadhili wa masomo, na baada ya hapo simu ya studio haikupumzika. Lakini maswali mengi hayakutoka kwa wanaotafuta chuo. Yalitoka kwa walioko chuoni tayari, na karibu wote waliuliza jambo moja: nimemaliza masomo ya darasani, imebaki staji tu, na sina pa kuifanyia. Nifanyeje?

Staji ina majina mengi. Sisi tuliotoka Congo, pamoja na ndugu zetu Warundi, tunasema staji. Watanzania wanasema fildi. Wakenya wanasema atachimenti. Ni kitu kilekile: mwanafunzi anakwenda mahali pa kazi, anafanya kazi chini ya msimamizi kwa muda uliopangwa, na chuo kinampa alama. Leo nitasema staji, mnisamehe wa fildi.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. UNHCR na wenzake wameweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2030 vijana wakimbizi 15 katika kila 100 wawe katika elimu ya juu. Mwaka 2019 walikuwa 3 tu katika 100. Kwa hiyo wewe unayesoma diploma au digrii, iwe kwa ufadhili wa DAFI ulioanza mwaka 1992 kwa fedha za serikali ya Ujerumani, iwe kwa ng'ombe aliyeuzwa au duka la mama, umefika mahali ambapo wengi hawakufika. Na kozi nyingi hapa Kenya haziishi bila staji. Mtu anaweza kusoma miaka mitatu, akafaulu mitihani yote, halafu siku ya orodha ya mahafali jina lake halipo. Sababu ni wiki 12 ambazo hazikufanyika.

Sasa, kwa nini hazifanyiki? Wengi husema, "Sisi wakimbizi hawatutaki." Wakati mwingine ni kweli, sitakataa. Lakini mara nyingi, ukikaa na mwanafunzi mukafuatilia hatua kwa hatua, unakuta hakufika hata kwenye mlango wa kukataliwa. Alikwamia kwenye tarehe. Mkenya wa Kitale akipata barua Ijumaa, Jumatatu yuko kazini. Mkimbizi wa Kakuma akipata barua Ijumaa, ndiyo kwanza safari ya makaratasi inaanza.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuhesabu kwa kurudi nyuma. Chukua kalenda, hata ile ya ukutani inayotolewa na duka. Tuseme staji inaanza Jumatatu ya kwanza ya mwezi wa tano na ni wiki 12. Basi itaisha karibu na mwisho wa mwezi wa saba. Weka alama hizo mbili. Kisha urudi nyuma ukiuliza: ili Jumatatu hiyo niwe pale, ni lazima niwe na nini mkononi? Kama ni nje ya kambi, ni lazima uwe na kibali cha kutoka kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Ili kuomba kibali, unahitaji barua ya ofisi iliyokukubali, inayosema tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Ili upate barua ya ofisi, unahitaji barua ya utambulisho ya chuo. Na ofisi nyingi zitataka pia karatasi ya bima ya ajali, ambayo mara nyingi chuo ndicho kinaishughulikia, lakini ukiiulizia siku ya mwisho utaambiwa anayesaini yuko likizo.

Unaona mnyororo ulivyo. Kila karatasi inasubiri nyingine. Ndiyo maana mimi nasema mwanafunzi wa kambini aanze kuhangaika na staji muhula mzima kabla, wakati wenzake darasani hawajaanza hata kuizungumzia. Watakucheka kidogo. Waache.

Na kwenye kibali angalia tarehe zote mbili, ile ya kwanza na ile ya mwisho. Kuna binti mmoja ninayemfahamu, anasomea maabara. Alipata staji ya wiki 12 nje ya kambi, lakini kibali alichopewa kilikuwa cha siku chache kuliko hizo wiki. Hakuona, kwa sababu ya furaha. Wiki ya kibali kuisha alilazimika kuacha kazi na kurudi kambini kuomba kingine, na siku alizopoteza ilibidi azilipe mwishoni. Alimaliza, tunashukuru, lakini nauli ya safari hiyo ilikuwa ya kununulia chakula cha mwezi. Ukipewa kibali, kisome pale pale dirishani. Kama tarehe hazilingani na barua yako, sema kwa heshima kabla hujaondoka.

Wasikilizaji wa Tanzania na Uganda, kwenu taratibu ni tofauti. Uganda sheria ya mwaka 2006 imewapa wakimbizi nafasi ya kufanya kazi na kutembea kwa urahisi zaidi. Tanzania kutoka kambini ni kugumu zaidi, na unaanza na ofisi ya mkuu wa kambi. Ulizeni pale mlipo, msichukue ya Kenya mkayafanya yenu. Na hapa Kenya tunayo Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, nayo inatambua kwamba mkimbizi anaweza kufanya kazi na kujipatia riziki akifuata masharti. Afisa wa kampuni akikuambia mkimbizi haruhusiwi kabisa, usigombane naye. Mwambie sheria hiyo ipo, na mwombe akupeleke kwa anayeshughulikia wafanyakazi.

Kabla hujaondoka kambini kuna jambo jingine ambalo vijana husahau. Je, wewe ndiye unayeweka kidole siku ya mgao nyumbani kwenu? Je, kuna zoezi la kuhakiki wakimbizi linakuja wakati utakapokuwa mbali? Nenda uulize ofisini, na uache nakala ya barua yako ya chuo. Usifurahie staji huku nyumbani mama amerudishwa na mfuko mtupu.

(Muziki mfupi)

Sasa tuje kwenye swali la wapi. Wengi wanawaza Nairobi. Mimi nina maoni yangu, nayo si ya kila mtu. Staji nyingi hazilipi. Nairobi utalipa chumba, matatu asubuhi na jioni, na chakula. Kama una ndugu wa kukaa kwake, nenda, utajifunza mengi. Kama huna, usijiue kwa ajili ya jina la mji. Lodwar iko kilomita 120 hivi kutoka Kakuma, ina ofisi za kaunti, hospitali, benki na redio. Na hata kambini kwenyewe kuna kazi ambazo hatuzioni kwa sababu tumezizoea.

Mwaka 2018 shirika la IFC, la Benki ya Dunia, lilitoa utafiti wa biashara za Kakuma. Lilikuta maduka na biashara zaidi ya 2,000, na soko lote likakadiriwa kuwa la shilingi bilioni 6 za Kenya kwa mwaka. Biashara 2,000! Sasa wewe unayesomea uhasibu, unalia huna pa kufanyia staji, na jirani yako ni muuza jumla anayeandika madeni kwenye daftari la mtoto wa darasa la tatu. Mwendee. Mwambie utamwekea hesabu vizuri kwa wiki 12 bila malipo. Anayesomea maji na usafi, kuna visima na matangi hapa. Anayesomea ustawi wa jamii, ualimu, afya, kompyuta, wote wana mahali. Sharti ni moja: uliza chuo kwanza, kwa maandishi, kama mahali hapo patakubaliwa na kama mhadhiri atakuja kukukagua au atapiga simu. Usianze halafu ndiyo uulize.

Hapo nataka kukaa kidogo na ndugu zangu wa insentivu. Wewe umefundisha shule ya msingi kambini miaka miwili, au umekuwa mkalimani kliniki, au mhamasishaji wa afya unayepita bloku kwa bloku kwenye jua hili. Posho ni ndogo, tunajua. Lakini hiyo ni kazi, na ni uzoefu ambao mwanafunzi wa mjini hana. Tatizo ni kwamba hauna karatasi. Ukiulizwa ulifanya nini, unasema, "Nilikuwa insentivu." Nani ataelewa hilo nje ya kambi?

Omba barua. Na uiombe sasa, msimamizi wako akiwa bado yuko. Mwaka 2025 fedha za misaada zilipopungua, miradi mingi ilifungwa, na wafanyakazi waliokuwa wakitusimamia wakaondoka, wengine ndani ya wiki moja. Vijana waliofanya nao kazi kwa miaka wakabaki hawana hata mtu wa kumpigia simu athibitishe. Nimewaona wakizunguka kwenye ofisi iliyofungwa, wakimwuliza askari wa getini kama ana namba ya bosi. Barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja: jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha mkimbizi, tarehe uliyoanza na uliyomaliza, kazi ulizofanya hasa, jina na simu ya msimamizi, saini na muhuri. Kama anasema hana muda, iandike wewe kwa adabu, umpelekee asome, arekebishe na asaini. Wasimamizi wengi watashukuru.

Jina, narudia, liwe lile lile. Kama kwenye cheti cha shule kuna herufi moja zaidi kuliko kwenye kitambulisho, shughulikia hilo mapema. Herufi moja imezuia watu wengi.

Kuhusu kuweka makaratasi: nunua faili la plastiki linalofungwa. Mvua ya Kakuma haiji mara nyingi, ila ikija inaingia mpaka chini ya kitanda. Kila karatasi ipige picha kwa simu kwenye mwanga wa asubuhi, usome kama herufi zinaonekana, kisha ujitumie kwa barua pepe yako mwenyewe. Simu ikiibiwa, karatasi zako ziko salama. Na tafadhali, barua pepe iwe na jina lako. Zile za "mtoto wa bosi" ziacheni kwa marafiki.

Ukiwa kazini, logibuku ijazwe kila jioni, hata kama umechoka. Ukingoja Ijumaa utaandika "nilisaidia ofisini" mara tano. Andika kitu kinachohesabika: nimesajili wagonjwa 30, nimepima maji ya matangi manne, nimeingiza risiti za wiki nzima. Saini ya msimamizi uipate kila wiki. Hizo sentensi ndizo zitakazokuwa wasifu wako kesho, huna haja ya kutunga.

(Sauti ya mtangazaji inapungua kasi)

Kuna jambo zito, na nalisema kwa dada zangu hasa, ingawa na kaka nao yanawakuta. Nafasi ya staji kwenye shirika haiuzwi. Huduma za mashirika ya misaada kwa wakimbizi ni bure. Mtu akikuambia lete elfu mbili nikuwekee jina, au tukutane jioni mahali fulani ndipo nisaini logibuku yako, huyo anavunja kanuni za kazi yake, hata kama ni mkubwa, hata kama ni mkimbizi mwenzetu. Usiende peke yako. Tunza ujumbe wake kwenye simu, usiufute. Peleka malalamiko dawati la ulinzi, au kwenye sanduku la malalamiko, au kwa shirika jingine unaloliamini, na umwambie pia mratibu wa staji chuoni ili akubadilishie mahali. Wazazi, binti akija na habari kama hiyo, tusianze na "ulivaa nini." Tuanze na kumsikiliza.

Na wazee wangu mnaosikiliza jioni hii, najua staji isiyolipa inawaumiza. Kijana ana miaka 23, angekuwa anabeba magunia sokoni na kuleta kitu nyumbani, na badala yake anaaga asubuhi na kalamu. Ombi langu ni mkae naye kabla hajaanza, mhesabu pamoja wiki ni ngapi na pengo ni la shilingi ngapi. Wengine wamekubaliana afanye kazi ya duka Jumamosi. Wengine wamechanga ndugu watatu. Ikiwa na mwisho unaojulikana, nyumba huvumilia.

Kipindi kijacho tutakuwa na wanafunzi wawili waliomaliza staji mwaka huu, mmoja ndani ya kambi na mmoja nje, nao watajibu maswali yenu moja kwa moja. Tumeni maswali kwa namba ile ile ya studio, na mtaje mnasoma kozi gani na chuo kinataka wiki ngapi, ili wajibu kinachowahusu. Kwa leo ni mimi mtangazaji wenu. Usiku mwema.

(Muziki wa kufunga kipindi)