Saa za Shule za Watoto Wetu

Ndugu wanachama, sisi tuliopigania saa za kazi, mbona hatuhesabu saa za watoto wetu? Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zasema masomo ya shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi, yaishe saa tisa na nusu. Lakini wengi wetu twamwamsha kijana wa sekondari saa kumi na nusu alfajiri, awahi masomo ya mapema yasiyomo katika kanuni. Naye alilala saa tano. Hiyo ni zamu gani?

Madaktari wasema kijana wa umri huo ahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi, na mwili wake wenyewe humchelewesha kulala. Sisi humwita mvivu. Huko California, Marekani, tangu Julai 2022 sheria yakataza shule nyingi za sekondari kuanza kabla ya saa mbili na nusu.

Twajua, wengine huondoka na watoto wao gizani kwa sababu ya kazi. Basi lango lifunguliwe wapumzike, kipindi kisianze. Semeni hivyo katika mkutano wa wazazi. Hatuombi sheria mpya. Twataka iliyopo ifuatwe.