Ahadi ambazo hatukuahidiwa sisi

Maneno ya mshauri wa komite mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka, mwezi wa 11, 2025

Komite imeniomba niseme juu ya jambo ambalo limetugombanisha tangu mwanzo wa mwaka: Raisi mpya wa Amerika, ahadi zake, na mambo anayoyafanya kwa wageni na wakimbizi. Sikuja kumtukana, sikuja kumsifu. Nimekuja juu ya mfuko wetu. Mwisho wa maneno yangu iko pendekezo moja, na mutapiga kura.

Sokoni na kule mitumbwi inapofikia nimesikia pande mbili. Upande mmoja wanasema Trump ametudanganya, amewafungia mlango ndugu zetu wa Nyarugusu. Upande wa pili wanasema hapana, huyu ni mwanaume wa neno: alisema atafunga, amefunga, si sawa hawa wa kwetu wanaotuahidi barabara kila uchaguzi na sisi tunaendelea kusukuma baiskeli kwenye matope. Kijana mmoja aliniambia, "Papa, hata sisi tungepata mmoja kama huyo." Nilicheka.

Lakini tuulize, alimwahidi nani? Alipiga kampeni kwao, akawaambia wapiga kura wake kwamba atapunguza wageni, na tarehe 5 Novemba 2024 wakamchagua. Hakuna mtu wa Fizi aliyeahidiwa kitu. Yule anayesema "ametudanganya" anadai deni ambalo halikuandikwa kwa jina lake. Na yule anayesifu "ametimiza" anapiga makofi katika harusi ambayo hakualikwa, na chakula kinacholiwa humo ni cha dada yake aliyebaki kambini.

Turudi kwenye mambo yenyewe, maana uvumi ni mwingi. Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile ya kuapishwa, alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, kuanzia tarehe 27 ya mwezi huo. Watu zaidi ya 10,000 duniani walikuwa wamekwisha kupangiwa safari. Walikuwa wamemaliza intavyu, medikali, usalama, yote. Safari zikafutwa. Munajua vile mtu wa kambini anavyofanya akipata tarehe ya ndege: anauza sufuria, anauza godoro, anagawa kuku. Halafu anaambiwa arudi kwenye blindé yake, na blindé imekwisha kupewa mwingine.

Wengine walikwenda mahakamani. Kati ya walalamikaji alikuwamo Mkongomani mwenzetu, mkimbizi. Mwezi wa 2 jaji mmoja wa Seattle aliizuia ile amri. Mwezi wa 3 mahakama ya rufaa ikaiacha iendelee kwa sehemu kubwa, ikawakinga tu wachache waliokubaliwa mbele ya tarehe 20 Januari. Kwa hiyo anayekuja hapa na habari kwamba "mahakama imefungua" anawauzia samaki wa mwaka jana.

Sasa niwaeleze kwa nini mlango ule ulifungwa kwa siku moja tu, maana hapo ndipo fundisho letu lilipo. Watu wengi hapa walidhani kwenda Amerika ni haki, sawa vile kadi ya kibaba. Si hivyo. Sheria yao ya wakimbizi ya 1980 inasema kila mwaka Raisi, baada ya kushauriana na Bunge lao, anaweka hesabu ya juu ya wakimbizi watakaopokelewa. Mwaka wao wa hesabu unaanza tarehe 1 Oktoba. Ni namba moja, na kalamu ni ya mtu mmoja. Obama aliweka 110,000 kwa mwaka wa 2017. Trump alipoingia mara ya kwanza aliishusha ikawa 50,000, kisha 45,000, 30,000, 18,000, hadi 15,000. Biden akaipandisha 125,000. Na hata hiyo ya Biden ilikuwa hesabu ya juu tu: mwaka wa kwanza waliofika hawakupita sana 25,000. Ilichukua miaka kuwarudisha wafanyakazi na kufungua ofisi.

Mwaka wa 2024, unaoishia Septemba, walifika watu kama 100,000, na Wakongomani walikuwa karibu 20,000. Hakuna taifa lingine lililopeleka wengi kuliko sisi. Wengi wetu tulisoma hesabu hiyo kama baraka. Maana yake nyingine ni kwamba kalamu ikigeuka, sisi ndio tutaumia kuliko wote. Na imegeuka. Mwisho wa mwezi wa 10 imetangazwa hesabu ya mwaka wa 2026: watu 7,500, na sehemu kubwa imewekwa kwa ajili ya Waafrika Kusini weupe, Makaburu. Kundi lao la kwanza, watu 59, walikwisha kufika mwezi wa 5 kwa ndege ya kukodiwa, wakati wale waliokaa Nyarugusu tangu 1996 na 1997 wanaambiwa wangoje. Nina maoni yangu juu ya jambo hilo na munaweza kuyaona usoni. Lakini hasira yangu haibadilishi 7,500 ikawa 8,000.

Iko uvumi mwingine wa kusafisha. Mwezi wa 6 walitoa orodha ya nchi ambazo watu wake wamezuiwa kuingia. Hapa Baraka watu walilia kwamba "Kongo imefungiwa". Kongo iliyoandikwa mule ni ile ya Brazzaville. Yetu haikuwamo. Burundi iliwekewa kizuizi cha nusu. Na lile neno alilolirudia katika kampeni, kwamba Kongo inafungua magereza na kupeleka wafungwa Amerika, waandishi wa kwao walilichunguza na hawakukuta ushahidi wowote. Mimi niliyepanga foleni ya HCR najua ya kwamba hata mtoto wa miaka saba aliulizwa maswali. Mfungwa angepitia wapi?

Wengine mutaniuliza juu ya amani, maana Raisi huyohuyo anasema ametuletea amani. Ni kweli, tarehe 27 Juni 2025 mawaziri wa mambo ya nje wa Kongo na wa Rwanda walitia sahihi Washington. Nawaombea ifaulu. Ila Goma ilitekwa mwezi wa 1, Bukavu mwezi wa 2, na mpaka leo hii hakuna hata moja iliyorudi. Huku kwetu watu wa milimani bado wanashuka na vitanda vichwani. Kwa hiyo musimwandikie ndugu yako wa Nyarugusu "rudi, Trump ameleta amani." Mwandikie kile unachokiona kwa macho: barabara ya kwenu ikoje, shamba liko mikononi mwa nani, shule inafundisha ama imefungwa. Kurudi ni kwa hiari ya mtu. Sisi tulirudi kwa hiari, wengi wetu kwa meli kutoka Kigoma mwaka wa 2005 na ile iliyofuata, na hakuna aliyetusukuma mgongoni. Wale waliobaki wana haki ileile, hata kama mlango wa Amerika umefungwa, hata kama kibaba kinapunguzwa tena na tena.

Sasa nifike kwenye mfuko. Tangu ule mpango mkubwa wa kupeleka Wakongomani wa Nyarugusu Amerika ulipoanza, mwaka wa 2015, iko tabia imeingia katika chama hiki. Mwanachama anaomba mkopo wa biashara ya ndagala au ya mihogo. Makuta yakitoka, anavuka ziwa. Anakwenda kujaribu kuingia kambini upya, "kufuata prosesi." Simlaumu. Alimwona jirani yake wa blindé ya pili akitumia picha kutoka Texas mbele ya gari. Lakini kesi yake ilifungwa siku aliyorudi hapa, na karibu kila mara hakuna aliyeifungua tena. Anabaki Kigoma akipika kwa watu, na mkopo haurudi. Mwenye kuubeba ni yule mjane aliyekuwa anangoja zamu yake ya likirimba.

Iko mama mmoja wa chama chetu, sitataja jina wala mtaa. Mwaka wa 2023 aliuza parseli yake, yenye miembe miwili iliyokwisha kuzaa, akampa makuta mtu aliyejiita komisioneri, aliyemwahidi kuliingiza jina lake katika dosiye ya familia nyingine. Mutu huyo hakuonekana tena. Mama amerudi, anapanga chumba kimoja katika avenue ileile, na kila asubuhi anapita mbele ya miembe yake. Nawaambia wazi, na wafadhili wasome: dosiye ya HCR hailipiwi, wala ile ya OIM. Anayedai hata franka moja ni mwizi. Na saa hii, mlango ukiwa umefungwa, wezi wataongezeka, juu watu wenye kukata tamaa wananunua chochote.

Niseme kidogo na ndugu zetu walioko Amerika, ambao nusu ya mfuko huu ni jasho lao. Mwezi huu imesikika ya kwamba serikali yao imeagiza dosiye za wakimbizi walioingia tangu 20 Januari 2021 hadi 20 Februari 2025 ziangaliwe upya, watu waitwe tena kwenye intavyu, na grinikadi zao zisimame kwanza. Wengi wenu muko ndani ya tarehe hizo. Tafuteni mwanasheria sasa, musingoje barua. Mujibu ukweli. Wekeni makaratasi yote pamoja, hata yale ya kambini yaliyoliwa na panya. Na sisi wa hapa tuache kuwapigia simu usiku kuomba makuta ya bati na ya mahari kana kwamba wamekaa juu ya mlima wa dola. Mtu anayengoja kuulizwa upya juu ya maisha yake halali vizuri.

Jambo dogo lakini ni la makuta: kuanzia tarehe 1 Januari 2026, anayetuma makuta kutoka Amerika akilipa kwa noti mkononi atakatwa kodi ya asilimia 1. Kwenye dola 100, moja inabaki kwao. Akituma kutoka konti ya benki au kwa kadi ya benki ya kule, hiyo kodi haimhusu. Mwambieni kila anayetuma.

Sasa pendekezo. Komite inaomba mfuko usitoe tena mkopo kwa mtu anayevuka ili kufuata prosesi ya Amerika, wala kwa jina hilo wala kwa jina la ndagala. Tukijua, mkopo unarudishwa. Makuta yatakayobaki tuyatenge kwa ajili ya watakaorudi kwa uamuzi wao wenyewe: mbegu za mihogo, majembe, bati chache, na mtu wa kuwasindikiza kwa shefu juu ya mashamba yao, maana munajua wengi watakuta mtu mwingine amelima. Na mwanachama anayetaka kuuza parseli ili aondoke, aje kwanza kwa komite, angoje miezi mitatu. Hatumkatazi. Parseli ni yake. Tunamwomba tu angoje.

Najua pingamizi, na ni kubwa. Mzee mmoja aliniambia jana: "Munatufungia ziwa. Vita ikishuka huku tutavuka na nini?" Ana haki ya kuuliza. Mimi mwenyewe nilivuka usiku, na nauli ya mtumbwi iliponya watu saba. Kwa hiyo tutofautishe. Kukimbia risasi si kufuata prosesi. Kwa anayekimbia, mfuko utatoa nauli siku hiyohiyo, bila karatasi, bila riba, na komite haitauliza kama atarudi lini. Hilo liandikwe katika kanuni kwa herufi kubwa kuliko zote. Ugumu ni kwamba siku zingine mtu mmoja ana sababu zote mbili tumboni, hofu na tamaa ya Amerika, na hakuna komite inayoweza kupasua tumbo kuangalia. Hapo nashauri tumwamini aliye na hofu, hata kama mara moja moja tutapoteza makuta.

Wafadhili wetu wa nje wametuuliza kwa barua kama hali hii ya Amerika itaongeza wanaorudi mwaka ujao. Hatuwezi kuwapa namba. Tunaweza kuwaambia kwamba familia tatu za wanachama zimepigiwa simu na ndugu wa Nyarugusu wakiuliza habari za mashamba, jambo ambalo halikuwa likitokea wakati safari zilikuwa zinatoka. Walioulizia hawajasema kama wanarudi. Wanauliza tu.

Mzee wetu wa Swima ameinua mkono tangu nilipotaja nauli. Nampa nafasi yeye kwanza, kisha wengine wenye kupinga, na wanaokubali waseme mwisho. Katibu, andika.