Kazi Isiyoonwa na Watu

Somo letu la leo limo katika kitabu cha Hesabu, sura ya 13, habari za wapelelezi kumi na wawili waliotumwa na Musa kuitazama nchi ya Kanaani.

Watu wale walikaa huko siku arobaini. Hakuna aliyewaona walipokuwa wakitembea. Wangeweza kurudi na kusema lolote, na taifa zima lilingojea midomo yao. Kumi walieneza hofu, wawili tu wakasimama imara. Basi, jambo tunalotaka kulitafakari ni hili: mtu hufanyaje kazi yake mahali ambapo hakuna wa kumwangalia?

Vita vya karne iliyopita vilikuwa na wapelelezi wa angani. Wazee wetu walisimulia jinsi Wajerumani walivyoingia Kisii mnamo Septemba 1914. Katika vita hivyo hivyo, manowari yao iitwayo Königsberg ilijificha kwenye mikoko ya mto Rufiji, huko Tanzania ya leo. Meli za Waingereza hazikuweza kuingia mle. Novemba 1914, rubani aitwaye Cutler aliruka juu ya mikoko ile kwa ndege dhaifu, akaiona. Mnamo Julai 1915, ndege zilizotoka kisiwa cha Mafia ziliwaongoza wapiga mizinga, manowari ikaharibiwa.

Katika Vita Kuu ya Pili kazi hiyo ilikwenda mbali zaidi. Waingereza walichukua ndege za Spitfire, wakaondoa bunduki zote, wakaweka kamera na mafuta ya safari ndefu, wakazipaka rangi ya buluu zifanane na mbingu. Rubani alikwenda peke yake mpaka ndani ya Ujerumani, bila silaha, akapiga picha na kurudi. Safari hizo zilikuwa siri. Kama angegeuka njiani kwa woga, nani angemwona?

Lakini, ndugu zetu, nyuma ya rubani huyo walikuwako watu ambao majina yao hayakutajwa sana, na wengi wao walikuwa wanawake. Sisi wa Kenya tusishangae. Beryl Markham, aliyelelewa Njoro, aliwatafutia wawindaji tembo kutoka angani, na mnamo Septemba 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake, kutoka Uingereza hadi Kanada.

Januari 1940 wanawake wanane, wakiongozwa na Pauline Gower, walianza kazi katika shirika la Air Transport Auxiliary. Kazi yao ilikuwa kuzitoa ndege viwandani na kuzifikisha kwa wanajeshi. Mwisho wa vita walikuwa wamepita 160. Walirusha ndege za aina nyingi, Spitfire zikiwamo, bila redio, wakitazama mito na reli ili wajue njia. Walipofika walikabidhi ndege, wakarudi kuchukua nyingine. Ndege ile ilikwenda wapi baadaye? Hawakuambiwa. Kwa kazi ile ile walilipwa pungufu ya wanaume, mpaka mishahara iliposawazishwa mnamo 1943. Baadhi yao walikufa kazini. Mmoja alikuwa Amy Johnson, aliyekwisha kuruka peke yake hadi Australia mnamo 1930. Alianguka kwenye mlango wa mto Thames, Januari 5, 1941.

Na picha zilipoletwa, ni nani aliyezisoma? Miongoni mwao alikuwako Constance Babington Smith. Mwaka 1943 aliagizwa atafute ndege ndogo isiyo na rubani. Aliinamia picha za Peenemünde kwa kioo cha kukuza, akaona alama ndogo kama punje ya wimbi. Angeweza kuipita, wala hakuna ambaye angemlaumu. Hakuipita. Mabomu hayo ya kuruka yalipoanza kuangukia London, Juni 13, 1944, Waingereza walikuwa wamekwisha kuyajua na kupiga vituo vingi vya kuyarushia.

Wapenzi, hatuisifu vita. Peenemünde ilipopigwa usiku wa kuamkia Agosti 18, 1943, waliokufa ni pamoja na mamia ya watu waliolazimishwa kufanya kazi huko. Mkristo hafurahii jambo hilo, bali huomboleza.

Tunachojifunza ni uaminifu wa sirini. Bwana Yesu alitufundisha kwamba Baba yetu huona yaliyo sirini. Yuko mama anayechuma chai kabla ya ukungu kuondoka, ili ada ya shule ipatikane, na jina lake halisomwi mahali popote. Yuko anayefagia kanisa Jumamosi jioni watu wakiwa wamekwisha kwenda. Yuko mweka hazina anayehesabu sadaka peke yake. Yuko binti anayejisomea usiku, huku wazee wakinong'ona kwamba karo ni ya kaka yake. Je, sisi tunaomnyima binti huyo tumepewa na nani ruhusa ya kuikata kazi ambayo Mungu bado hajatuonyesha mwisho wake?

Wiki hii tukague mambo mawili nyumbani mwetu. Ni kazi gani tunayoifanya vibaya kwa sababu haionwi? Na ni nani anayetutumikia ambaye hatujamshukuru hata mara moja?

Tuombe. Ee Mungu Baba, uonaye tusipoonwa, utupe mioyo minyofu gizani kama mchana. Uwatie nguvu wanaotumika bila kutajwa, na utufanye tuwaheshimu. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.