Bakteria Waliolazwa Pamoja na Mgonjwa

Mgonjwa wa Manyoni au Mpwapwa akipewa rufaa kuja Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, huja na faili, shuka na ndugu wa kumuuguza. Tumboni anaweza pia kubeba bakteria wenye kimeng'enya kinachovunja seftriaksoni, sindano ya antibiotiki tuliyoizoea mno. Wakiwa utumboni hawamsumbui. Balaa huanza wakiingia kwenye mkojo, kidonda au damu. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa 2016 uliwakuta kwa nusu hivi ya watoto wadogo waliolazwa, na takriban asilimia 12 ya wale ambao hawakulazwa. Huenea wodini kwa mikono isiyonawiwa, na sabuni tunaihubiri, sawa. Ila kwa ukame huu wetu, nawauliza wapanga bajeti: saa nane usiku, bomba la choo cha wodi linatoa maji?