Elimu ya Mtumishi wa Dini na Kiapo cha Askari



Jinja ni mji wa viwanda na wa kambi ya jeshi. Katika mtaa wake wa Walukuba, uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi, watu wa makabila na dini mbalimbali hupakana mlango kwa mlango. Mahali kama hapo, neno la padre, la mchungaji au la shehe haliishii kwa waumini wake. Basi yafaa tuulize: viongozi hao hufunzwa wapi, na kwa kusudi gani?

Seminari Kuu ya Katigondo, karibu na Masaka, ilianzishwa mwaka 1911. Mwaka 1913 mapadre wa kwanza wazalendo, Basil Lumu na Victor Mukasa, walipewa daraja, na mwaka huohuo chuo cha Waanglikana kikafunguliwa Mukono. Huku Mashariki, Mbale ilipata Chuo Kikuu cha Kiislamu mwaka 1988. Lakini kabla ya hapo, karibu na mji huohuo, palikuwa na chuo cha wachungaji cha Buwalasi.

Mwaka 1949 mwalimu mmoja wa shule, Janani Luwum, aliingia Buwalasi. Baadaye akawa mkuu wa chuo hicho, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Hawakushika silaha, walishika kalamu. Tarehe 16 mwezi huo alikamatwa, akauawa. Redio ya taifa ikawaambia wananchi kuwa ni ajali ya gari.

Pamoja naye waliuawa mawaziri wawili, Charles Oboth-Ofumbi na Erinayo Oryema. Oryema ndiye aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuongoza Polisi ya Uganda. Askofu na polisi walikufa siku moja, kwa mikono ya watu waliovaa sare.

Ndugu askari, chuo cha dini humfunza mtu kusema kweli mbele ya mwenye nguvu. Chuo cha kijeshi humfunza mwenye nguvu kutii sheria. Mmoja akiacha kazi yake, raia hana kimbilio. Tangu mwaka 2015 tarehe 16 Februari ni sikukuu ya taifa. Siku hiyo kila mwenye sare na akikumbuke kiapo chake.