Kila Mwalimu ni Mwalimu wa Lugha

Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi mbele ya wazazi, walimu na wafanyakazi wa mashirika, Siku ya Wakimbizi, Nakivale



Kamati imenipa nafasi niseme machache juu ya shule zetu. Leo sitasema juu ya madawati wala mabati, ijapokuwa hayo nayo tunayahitaji. Nitasema juu ya lugha ambayo watoto wetu wanafundishwa, na kazi ambayo sisi walimu wote tunapaswa kuifanya.

Miaka michache iliyopita mama mmoja jirani yangu alimpeleka binti yake shule. Binti alikuwa na miaka 13, na kwao Kivu ya Kusini alikuwa amemaliza darasa la tano. Alijua kugawanya, alijua sehemu, na alisoma Kifaransa bila shida. Lakini hakujua Kiingereza, kwa hiyo akawekwa darasa la pili pamoja na watoto wa miaka saba. Alivumilia muhula mmoja, halafu aibu ikamshinda, akaacha. Leo anauza nyanya sokoni, na hesabu ya chenji haijampiga chenga hata siku moja. Mtoto huyu hakushindwa Hisabati, alishindwa lugha ya Hisabati.

Ndugu zangu, makazi haya yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa wakimbizi kutoka Rwanda. Leo tuko hapa Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea na wengine, pamoja na wenyeji wetu wanaosema Runyankore. Katika darasa moja unaweza kusikia lugha sita. Mtaala wa Uganda ulioanza mwaka 2007 unasema shule za vijijini zifundishe kwa lugha ya mahali pale tangu darasa la kwanza hadi la tatu, darasa la nne liwe la kuvuka, na baadaye masomo yote yawe kwa Kiingereza. Huo ni mpango mzuri kwa mtoto wa Isingiro aliyezaliwa akisikia Runyankore. Lakini mtoto aliyeingia juzi kutoka Uvira au Mogadishu, lugha ya mahali ni ngeni kwake kama Kiingereza kilivyo kigeni. Na mwisho wa safari unamngoja mtihani wa darasa la saba wenye masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Yote manne yanaulizwa kwa Kiingereza.

Hapo ndipo penye kosa letu walimu. Mwalimu wa Sayansi husema, “Hawa hawajui Kiingereza, mwalimu wa Kiingereza hafanyi kazi yake.” Mwalimu wa Kiingereza ana vipindi vyake vichache tu kwa wiki. Atamfundisha saa ngapi mtoto maneno ya moyo na mapafu, ya pembetatu, ya ramani na ya mvua? Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jambo hili si jipya duniani. Mwaka 1975 huko Uingereza kamati iliyoongozwa na Alan Bullock ilitoa taarifa yake, ikashauri kwamba kila shule iwe na mpango wa kukuza lugha katika masomo yote, na kila mwalimu ashiriki. Kama watu ambao watoto wao walizaliwa ndani ya Kiingereza waliona haja hiyo, je, sisi?

Nitoe mifano mitatu kutoka madarasa yetu.

Kwanza, saa. Swali linasema basi limeondoka Mbarara saa tatu asubuhi na kufika Nakivale saa tano. Andika saa hizo kwa Kiingereza na useme limetumia muda gani. Mtoto anaandika “3 o’clock” na “5 o’clock”, muda saa mbili. Muda ni sahihi, lakini saa zote mbili ni makosa, kwa sababu Mwingereza huhesabu kuanzia usiku wa manane na sisi tunahesabu kuanzia jua kuchomoza. Anayepiga mkasi bila kueleza hajafundisha kitu.

Pili, koma. Katika shule za Kongo na Burundi, mbili na nusu huandikwa 2,5. Hapa huandikwa 2.5, na koma hutenga maelfu. Mtoto wa Kikongo akiona vitunguu vya shilingi 1,500 kwenye kitabu, anasoma moja na nusu, anashangaa bei za Uganda zimeshuka lini! Tunacheka, lakini katika mtihani alama zimekwenda.

Tatu, maneno yenye sura mbili. Mtoto anajua “volume” ni ile sauti ya redio. Kwenye Hisabati neno hilo hilo ni ujazo wa jerikani. “Table” ni meza, na pia ni jedwali. Mwalimu wa Kiingereza hawezi kujua ni siku gani mwalimu wa Hisabati atalihitaji neno hilo. Anayelihitaji ndiye anayepaswa kulifundisha.

Sasa tufanye nini? Napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalosubiri bajeti.

La kwanza, kila kipindi kiwe na maneno yake matano. Mwalimu ayaandike pembeni mwa ubao, ayasome na darasa zima, na yasifutwe mpaka kipindi kiishe. Mtoto wa Kisomali, ambaye lugha yake haina sauti ya “p”, apewe nafasi ya kulitamka neno mara tatu bila kuchekwa.

La pili, tuwaache watoto wafikiri kwanza kwa lugha wanayoijua. Nimewahi kuleta sufuria ya maji moto darasani, nikainua kifuniko. Nikawaambia wakae kwa makundi, waelezane kwa Kiswahili, Kinyarwanda au Kisomali, matone yale ya chini ya kifuniko yametoka wapi. Walibishana kweli kweli. Baadaye tukajenga pamoja sentensi moja ya Kiingereza: “The steam cools and becomes water.” Waliikumbuka wiki nzima, kwa kuwa maana ilitangulia maneno.

La tatu, tudai sentensi nzima. Tukiuliza Mto Rwizi unapita wapi, tusikubali jibu la neno moja, “Mbarara”. Mtoto aseme unatoka wapi, unapita mji gani na unaelekea upande gani. Hapo amejifunza ramani na lugha kwa pamoja. Vile vile tuwafundishe maneno ya maswali yenyewe: taja, eleza, linganisha, toa sababu. Wengi huanguka kwa kutaja pale walipoulizwa kueleza.

La nne, tusahihishe kwa haki. Mtoto akijua kwamba mbu aina ya anofelesi jike ndiye anayeeneza malaria, lakini sarufi imempinda, apewe alama yake ya Sayansi. Kisha mwalimu aandike sentensi sahihi chini yake, na mtoto ainakili.

Wazazi, msidhani kwamba kwa kuwa hamjui Kiingereza hamna kazi. Mtoto akirudi jioni, mwulizeni amejifunza nini, akueleze kwa lugha ya nyumbani. Anayeweza kueleza kwa lugha ya mama ameelewa. Kiswahili nacho msikidharau: Katiba ya Uganda ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hapo watoto wetu wengi watakuwa mbele.

Na ndugu zetu wa mashirika, ombi letu ni hili. Mnapopanga mafunzo, msiwaite walimu wa Kiingereza peke yao. Waiteni na wa Hisabati na wa Sayansi. Mtusaidie kupata wasaidizi wa darasa wanaojua lugha za watoto. Na mtoto mkubwa anayeingia hapa apimwe kwanza kwa lugha aliyosomea, ndipo apangiwe darasa.

Kule Mbarara kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia tangu mwaka 1989, na madaktari wanatoka pale. Njia ya kwenda huko inaanzia kwenye ubao wa darasa la nne.

Yule binti wa nyanya ana mdogo wake. Yuko darasa la nne mwaka huu, darasa langu. Kila asubuhi anapita sokoni kwa dada yake kabla ya kuja shule. Mimi nafundisha Hisabati, lakini sitaki mtoto huyu naye aende kukaa nyuma ya meza ya nyanya kwa sababu ya neno ambalo mimi ndiye niliyepaswa kumfundisha.